Albamu ya Tatu na Ng'ombe wa Ngulyati

Jumatatu, 8 Juni
Mgongo umekataa. Kutwa nabeba marobota ya pamba kiwandani hapa Bariadi, na kwetu Newala ni mbali hata kwa kuwaza. Ila nimeona njia. Maduhu, manju wa ngoma ya Bagalu, ana kazi ya spika. Mwenye kazi hiyo huzunguka na ngoma msimu mzima, amekaa kitini. Kwa sasa kiti ni cha Luhende. Nilipomwomba Maduhu anijaribu, Luhende akasema Mmakonde arudi kwenye marobota, spika haibebwi kichwani.

Jumanne, 9 Juni
Silaha yangu ni memori kadi. Aliniachia fundi Mwingereza aliyekuja kufunga mashine kiwandani. Ina bendi moja ya kwao, vijana wanne, Grey Ferries. Albamu ya kwanza wanapiga magitaa kama wanabomoa nyumba. Ya pili wameshatajirika, wanaimba polepole, kinyonge. Ya tatu wametupa magitaa, wamenunua mitambo. Inavuma tu. Ya nne sijaifungua. Fundi alisema kila walipobadilika, mashabiki wa zamani walitukana, wakaja wapya. Alisema pia ya nne nisiipige nje. Nikamuuliza kwa nini. Akaanza kufunga mizigo.

Nimewaza. Huku ngoma mbili hushindana uwanja mmoja, wakati mmoja, Bagalu upande huu, Bagika ule. Anayevuta watu wengi ameshinda. Wenzangu hutegemea dawa ya kuvuta watu. Mimi nitabadilisha albamu.

Alhamisi, 11 Juni
Maduhu amekubali, siku moja tu. Mwaka jana Ndalahwa, manju wa Bagika, alimshinda hadi mkewe Maduhu akahamia upande wa pili kutazama. Akauliza dawa yangu imetoka wapi. Nikasema Uingereza. Akasema kama imetoka mbali hivyo, lazima ni kali.

Jumamosi, 13 Juni
Ngulyati. Albamu ya kwanza: vijana wakaja, wakarukaruka. Ya pili: vijana wakaondoka wakizomea, wakaja bibi vizee, wakaketi, mmoja akalia. Ya tatu: watu wote wakaondoka. Luhende akanipigia makofi.

Kisha wakaja ng'ombe. Kutoka kila upande, bila mchungaji. Wakasimama duara, nyuso kwenye spika. Hawakula, hawakulia. Nzi walikuwa wengi, lakini hakuna mkia uliotikisika. Wenye ng'ombe wakafuata na fimbo. Wakapiga, wakaita majina. Halafu nao wakanyamaza, kila mtu kando ya ng'ombe wake. Ndalahwa akabaki na mpiga ngoma wake tu.

Tumeshinda. Nikazima spika, mvumo ukaendelea. Nikachomoa kadi, nikaitia mfukoni. Ukaendelea bado, chini chini. Nikasogea kusikiliza. Ulikuwa unatoka vifuani mwa ng'ombe.

Jumapili, 14 Juni
Luhende amerudishiwa kiti. Maduhu anasema ushindi ni mtamu, ila dume lake linamtazama kama linasubiri kuambiwa jambo.

Asubuhi Mama Scola, mwenye nyumba wangu, alinisalimia "mwangaluka" kupitia dirishani. Hakutoka. Akasema, "Baba, wageni wako hawa, mpaka lini?" Nikafungua mlango. Ng'ombe, uwanja mzima, nyuso kwangu.

Jumatatu, 15 Juni
Marobota. Ng'ombe walinisindikiza hadi getini, wakanisubiri. Mama Scola ameniomba nikaitupe kadi mtoni, au nihame leo.

Nimefikiri sana. Kosa nimeliona. Albamu ya tatu ina makelele, ndiyo maana iliwafukuza watu. Ya nne bila shaka imetulia. Ndalahwa ana uchungu, anataka marudio Jumamosi, palepale Ngulyati, na kwake kiti cha spika kiko wazi. Nimemwambia dawa kali bado ninayo. Amekubali.

Nikahama na kadi mfukoni. Safari hii ng'ombe hawakunifuata. Waligeuka wote kwa pamoja, wakatangulia, wakashika njia ya Ngulyati.

Dalili njema. Luhende hajawahi kuwa na wasikilizaji wanaowahi hivi.