Nilivyojihamishia Durban

Jamani, leo nimejikana kwa mdomo wangu mwenyewe. Saa tatu asubuhi, getini kwetu, nimevaa gauni la mke wangu. Nawasimulia mapema kabla jirani hajawasimulia yeye.

Mke wangu ni Riziki. Mzaliwa wa Bukavu, raia wa Kanada, yuko hapa Johannesburg anafundisha kwa mkataba. Yeye ndiye aliyenidhamini nikapata ukaazi wa kudumu wa Kanada. Kazi ilipomleta huku, nikamfuata. Sheria yao haina ubaya: siku ninazokaa nje zinahesabiwa kama niko kule kule, mradi niwe naishi na mke wangu. Sasa mkataba unaisha Desemba, kadi yangu imeisha muda, na nimeomba karatasi ya kusafiria. Ili nipewe, lazima ithibitike kwamba tunaishi pamoja. Isipothibitika, Riziki anapanda ndege na mimi nabaki napunga mkono.

Tukaandikiwa na ubalozi wao kwamba huenda mtu akaja kuhakiki anwani, siku yoyote. Basi wiki tatu hizi nyumba inang'aa. Albamu ya harusi iko mezani. Viatu vyangu na vyake vimepangwa mlangoni pamoja, jozi kwa jozi (wazo langu hilo, nilijipongeza sana).

Leo asubuhi mkate hakuna. Baridi ya Julai mnaijua. Koti langu nililifua jana, bado linachuruzika maji bafuni. Nikachukua gauni la Riziki la asubuhi, lile zito la rangi ya waridi, lenye kofia yenye masikio ya sungura. Nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi, nikashuka duka la kona. Nani atanijua? (Likumbukeni swali hilo.)

Narudi na mkate wangu, nakuta mama mmoja wa makamo getini, suti nyeusi, faili kwapani, anaongea na Papa Kasongo. Huyu ni mlinzi wetu, mtu wa Lubumbashi, mwaminifu kupita kiasi. Tumetoka naye mbali, tangu tukiishi Joubert Park kabla ya kuhamia huku Kensington. Kule wenye faili walikuwa wa uhamiaji au wa madeni, na ndiko mimi nilikomfundisha yeye na jengo zima: mtu mwenye faili akija kumuulizia mtu, jibu ni moja. Hatumjui, na kama tulimjua, alihama.

"Namtafuta Bwana Bakari Mhina," mama akasema kwa Kiingereza. "Anaishi hapa?"

Papa Kasongo hakupepesa macho. "Mhina? Alihama, madame. Zamani sana." Akanigeukia. "Si ndiyo, mon frère, ndugu yangu?"

Naomba mnielewe. Sina kosa lolote nchi hii. Kibali changu ni safi, hata leseni ya televisheni ninayo. Na mtu wa Kanada nilikuwa namsubiri kwa hamu! Ila kichwani mwangu mtu wa Kanada alikuwa mzungu mrefu mwenye gari la bendera. Huyu alikuwa mama wa hapa hapa, anaongea Kiingereza cha hapa hapa. Mimi niliona faili tu, nikasikia jina langu, na mdomo ukajibu kabla sijauruhusu.

"Eish, mama," nikasema. "Yule alikwenda Durban."

"Durban?" Akafungua faili, akatoa kalamu. "Na mkewe?"

Mtu mwenye akili angeishia hapo.

"Alimwacha," nikasema.

"Kuna mwanamke kule," Papa Kasongo akaongeza, kwa huzuni kubwa. "Ana saluni."

"Mbili," nikasema. (Mbili! Nani aliniuliza?)

Mama akaandika. Aliandika taratibu, mistari minne au mitano, na neno moja akalipigia mstari chini. Kisha akafunua ukurasa, na pale nikaona picha imebanwa kwa klipu. Ni mimi na Riziki tunalishana keki. Juu ya karatasi, jani jekundu la Kanada.

Niliogopa, jamani. Sitanii. Nilimwona Riziki anavuka mlango wa uwanja wa ndege bila mimi, na aliyenifungia njia ni mimi mwenyewe. Nikataka kusema, "Mama, subiri," nikaishia kuukumbatia mkate. Papa Kasongo akanikonyeza, kwamba kazi imekwisha, "sharp" kama wasemavyo huku.

Ndipo dirisha la ghorofa ya tatu likafunguka.

"Bakari! Bakari Mhina! Gauni yangu tena? Nilikwambiaka mara ngapi? Panda na huo mkate, chai inapoa!"

Yule mama Kiswahili hajui, lakini jina alilisikia. Mtaa mzima ulilisikia. Akatazama dirishani, akatazama picha, akanitazama mimi, akaishia kwenye masikio ya sungura.

"Bwana Mhina," akasema. "Umerudi lini kutoka Durban?"

Tukapanda naye juu. Nikaeleza mambo ya Joubert Park huku jasho linanitoka na baridi yote ile. Riziki alipoelewa nilichofanya, alinigombeza robo saa nzima, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na mwisho kwa Kiingereza ili mgeni asikose. Mgeni alikunywa chai yake. Albamu hakuigusa, viatu hakuviangalia.

"Picha naletewa kila siku," akasema alipomaliza kikombe. "Kugombezwa namna hii sijawahi kuona mtu akiigiza." Akafuta ile mistari, akaandika upya. Alisema ataandika alichokiona, uamuzi ni wa wakubwa zake. Mlangoni nilimwona anacheka peke yake. Natumaini ni dalili njema.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe Riziki alikuwa ameshika jambo moja tu. Akashuka hadi getini kumuuliza Papa Kasongo huyo mwanamke mwenye saluni mbili ni nani.

Na yule mwaminifu wangu akamjibu kama nilivyomfundisha: "Hatumujue, mama. Na kama tulimujua, alishakuhama."

Msicheke. Na mlioko Durban, nawaomba sana, leo asinipigie mtu.