Mjusi Wangu na Baridi ya Kaisho

Jumatatu, 23 Juni 1952
Mwalimu Melkiory wa kwaya yetu hapa Kaisho bado hajaamua. Sikukuu ya Petro na Paulo ni Jumapili, na wimbo mkuu una nafasi ya mwimbaji mmoja tu. Mimi au Aristides! Aristides, mwenye sauti ya ndama aliyefungiwa! Nimemshauri tumalize kiume: mbio za mijusi. Atakayeshindwa atasingizia kikohozi. Amekubali, mjinga.

Mchana nimemnasa mjusi mwenye kichwa chekundu juu ya mwamba wenye jua kali. Mbio zake! Suruali yangu imepasuka gotini.

Jumatano, 25 Juni
Nimemtia mjusi ndani ya mtungi wa maji uliobaki na unyevu, chini ya migomba. Atunze nguvu. Mbio ni kesho alfajiri, ukungu ukiwa bado umetanda. Saa nimechagua mimi, maana Aristides anapenda kulala. Akili hiyo!

Alhamisi, 26 Juni
Aibu. Mjusi wangu alitoka mtungini kama kijiti. Nikamsukuma. Akafumba jicho moja. Wa Aristides alikuwa amelala kikapuni kando ya mafiga, akachomoka hadi mwisho.

Placidia wa kwaya alikuwa akianika buni pale pale. Alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kuwa mjusi hana moto wake mwilini, huota jua kwanza ndipo akimbie, na joto likizidi hutafuta kivuli. Nusu ya kwanza niliisikia vizuri. Nusu ya pili nilikuwa natazama vishimo vya mashavu yake.

Nimembembeleza Aristides turudie. Jumamosi, saa sita mchana!

Jumamosi, 28 Juni
Tangu asubuhi nilimweka mjusi juu ya bati, juani, nimemfunga kamba. Akaachama mdomo. Nikadhani anawacheka wapinzani.

Tukawaachia uwanjani pa kanisa. Wangu alikwenda kama risasi, lakini kinyume! Mwalimu Melkiory alikuwa amekuja kuuliza kelele za nini. Hakukuwa na kivuli kingine karibu. Mjusi akaingia ndani ya suruali yake.

Mwalimu alitoa sauti ya juu ambayo kwaya yetu haijawahi kuifikia.

“Huyu ni wa nani?” akafoka.

Nilimwonyesha Aristides. Aristides alinionyesha mimi. Wimbo amepewa Placidia. Sisi tutabeba mabenchi.

Jumapili, 29 Juni
Placidia ameimba, hata wazee wa nyuma wakaamka. Mimi nilitokwa na machozi. Aristides naye, mwigaji!

Sasa tunagombea nani amsindikize kwao Isingiro. Nimetafakari yote yaliyotokea, na kosa nimeliona. Si baridi wala joto. Ni miguu! Ndiyo iliyokufa ganzi alfajiri, ndiyo iliyoungua mchana. Nimemwambia Aristides wiki ijayo tushindanishe nyoka.