Zawadi Zilizonifuata Nyabugogo

Nyie wa kijiweni Ngara ndio mliosema sitafika mbali. Wewe Sospeter ulisema nitarudi kabla mahindi hayajakomaa. Wengine mkasema Kifaransa kitanivunja taya. Sasa sikilizeni. Nimekaa Kigali tangu mwanzo wa mwaka wa tisini. Nimesoma ufundi wa majokofu kwa Kifaransa hicho hicho, ada nimejilipia kwa mikono yangu, na diploma ninayo. Imo kwenye fremu. Fremu ina kioo. Na taya langu ni zima.

Nimeanza na hayo makusudi, kwa sababu leo nimepatikana. Nimepatikana mchana kweupe, mbele za watu, nikiwa nimevaa tai.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuondoka. Sikutaka kurudi nyumbani moja kwa moja kama mtu aliyefukuzwa. Mpango wangu ulikuwa hivi: basi hadi Bujumbura, kazi ya miezi kadhaa huko, kisha meli hadi Kigoma, treni hadi Tabora, ndipo nitokee Ngara nikiwa na viatu vipya na habari za kusimulia. Kazi ya Bujumbura nilitafutiwa na mwenye nyumba wangu wa Kibagabaga, Mama Kayitesi, mjane, Msabato wa kweli, aliyenilea kama mwanawe. Kaka yake ana karakana ya majokofu huko. Kaka mwenyewe hanijui hata kwa picha. Mama Kayitesi aliniambia, "Wewe enda tu, mwana wanjye. Atakujua." Sikuuliza atanijuaje. (Msomi haulizi ovyo.)

Asubuhi nikawa nafunga sanduku. Likaanza tatizo la impamba. Huku mtu akisafiri, majirani humletea impamba, yaani chakula cha njiani, na kukataa ni tusi. Mama Kayitesi akaniletea karanga ndani ya agaseke, kale kakikapu ka hapa kenye kifuniko kilichochongoka kama paa la msonge. Jirani wa upande wa juu, Mama Gasana, akaleta maharage ndani ya agaseke lake. Jirani wa upande wa chini, Mzee Gervazi, akaleta kibuyu cha urwagwa, pombe ya ndizi aliyoipika mwenyewe na kuisifu mwenyewe.

Nikatazama vikapu. Nikatazama tai yangu. Jamani, mtu mwenye diploma aingie Bujumbura na vikapu na kibuyu, kama anakwenda gulioni?

Ndipo nikapata wazo. (Mniangalie vizuri hapa, maana hapa ndipo nilipojiona mjanja.) Nilikuwa sijawaaga majirani rasmi. Basi kila ninayemuaga nimwachie kumbukumbu! Agaseke la Mama Kayitesi nikampelekea Mama Gasana. La Mama Gasana nikampelekea Mzee Gervazi. Kibuyu cha Mzee Gervazi nikakiacha mezani kwa Mama Kayitesi. Hatari haikuwepo. Mama Kayitesi na Mama Gasana hawasemeshani tangu mbuzi wa mmoja alipokula mtama wa mwingine, kwa hiyo hakuna ambaye angeingia nyumbani kwa mwenzake akaona kitu. Na Mzee Gervazi haoni vizuri. Kila mmoja alinishukuru kwa machozi. Nikabaki na sanduku langu tu, mwepesi, msafi, nikipiga mluzi.

Sasa, nyumbani tukimuaga mtu tunampungia mkono mlangoni. Huku hapana. Huku wanakusindikiza mpaka uondoke machoni. Nilipotoka nje nikakuta pikapu ya mpwa wa Mzee Gervazi inanguruma, na majirani wote watatu wamevaa nguo za kanisani. Mama Kayitesi kakaa mbele na dereva. Mama Gasana na Mzee Gervazi wako nyuma. Kila mmoja kapakata kitu kilichofunikwa kwa kitenge.

"Mmebeba nini?" niliuliza.

"Utaona huko huko," akasema Mama Gasana, akacheka.

(Nikanyoosha tai. Nikapanda nyuma.)

Tukafika Nyabugogo. Stendi imejaa, kwa kuwa kaskazini kuna vita na kila msafiri siku hizi anaelekea kusini. Sanduku langu likapandishwa juu ya basi la Bujumbura. Nikawa tayari kukumbatiwa. Mama Gasana akapiga hatua mbele, akakohoa kama anayetaka kuhutubia.

"Bwana Dipuroma, wewe uliniachia kitu nzuri. Lakini sisi hatupokei chombo cha msafiri tukakaa nacho bure. Tunakijaza, tunakirudisha. Hii ndiyo impamba yako."

Akafunua kitenge. Agaseke! Limejaa ndizi mbivu.

Nikasikia pembeni yangu mtu anavuta pumzi. Alikuwa Mama Kayitesi.

"Mana yanjye, Mungu wangu," akasema. "Ile agaseke iko yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mama Kayitesi kumsemesha Mama Gasana tangu mambo ya mbuzi.

"Iko yako namna gani? Nimepewa na huyu!"

Wote wakanigeukia. Mimi, badala ya kunyamaza, nikafungua mdomo. "Mama, si yanafanana tu? Nadhani nyote mnasuka mtindo mmoja."

Jamani! Afadhali ningemtukana mtu. Mama Gasana akashika kiuno. "Mimi? Mimi nisuke mistari imepinda hivi?"

"Imepinda?" Mama Kayitesi akawaka. "Hiyo mistari ni ya mama yangu!"

Mzee Gervazi, ambaye hakuelewa lolote, akaona ni zamu yake. Akajipenyeza katikati, akafunua cha kwake kwa furaha. "Na mimi nimeleta! Viazi vya kuchemsha, Bwana Dipuroma!"

Viazi vilikuwa ndani ya agaseke la Mama Gasana.

"Yewe!" akasema Mama Gasana. Neno moja tu.

Watu wakaanza kusogea. Wauza mayai, wapagazi, abiria wakichungulia madirishani. Hapo Mama Kayitesi akafunua cha kwake polepole, akiniangalia usoni. Kibuyu.

"Ehe, kibuyu yangu!" Mzee Gervazi akakitambua kwa kukipapasa. Akakinusa. Uso ukambadilika. "Mbona inanuka maziwa? Urwagwa wangu uko wapi?"

"Niliumwaga kwenye migomba," akasema Mama Kayitesi. "Mimi Msabato, naletewa pombe mezani! Nikasema kijana amekosea, ana mawazo ya safari. Nikaosha, nikatia maziwa."

"Umemwaga urwagwa wangu?" Mzee wa watu alikaa chini juu ya tairi la akiba. Nadhani huyo ndiye aliyeumia kuliko wote.

Kondakta akapiga mlango kofi. "Wewe mwenye tai! Unapanda au uko kortini?"

"Napanda!" nikasema haraka. Nikamgeukia Mama Kayitesi. "Mama, nisamehe. Nikifika Bujumbura kwa kaka yako nitamwambia..."

"Kaka yangu anakujua?"

"Hanijui. Lakini ulisema atanijua."

"Atakujua kwa nini? Kwa hiyo tai?" Akalinyakua agaseke lake mikononi mwa Mama Gasana, akaliinua juu ili basi zima lione. "Mistari hii mama yetu aliibuni mwenyewe. Nchi nzima hakuna mwingine anayeisuka. Kaka akiona mtu amesimama mlangoni na hili, anajua ametoka kwangu. Ndiyo ingekufungulia mlango. Na wewe umelitoa!"

Nilihisi Bujumbura ikiondoka. Na karakana, na meli, na Kigoma, na viatu vipya. Vyote vilikuwa ndani ya kikapu nilichokionea aibu.

Akalifunga agaseke ndani ya kitenge chake. "Basi enda. Muonyeshe diplome."

Nikamwambia kondakta ashushe sanduku langu. Akanijibu liko chini ya magunia, nikilitaka nilifuate. Nikapanda ngazi ya basi mwenyewe, tai ikipepea usoni, umati ukinishangilia kama mwanasarakasi. "Dipuroma! Dipuroma!" (Nani aliwafundisha jina hilo? Mama Gasana.) Basi likaondoka. Mimi nikabaki na sanduku.

Safari ya kurudi nilikaa nyuma ya pikapu na Mzee Gervazi, aliyekuwa hanisemeshi. Mbele kulikuwa na Mama Kayitesi na Mama Gasana, bega kwa bega, wakicheka mpaka dereva akaomba watulie aone njia. Mbuzi amesahauliwa. Sasa kesi ni mimi.

Hukumu ilitolewa kabla hatujafika Kibagabaga: kila chombo kirudi kwa mwenyewe, kikiwa kimejaa, kwa mkono wangu, kwa miguu. Nikapanda kwa Mama Gasana na agaseke lake limejaa sukari. Akaonja. Akanisamehe. Nikateremka kwa Mzee Gervazi na kibuyu cha urwagwa nilioufuata mpaka Kinyinya. Akanywa, akasema si mzuri kama wake, akanisamehe. Mwisho nikapiga magoti kwa Mama Kayitesi na agaseke lake, limejaa maharage niliyoyachambua punje kwa punje. Akayachunguza kama mkaguzi. Akayamwaga kwenye chungu, akatia karanga nyingine kama zile za asubuhi, akanikabidhi.

"Utabeba kichwani," akasema. "Nitakuwepo kuangalia."

Kwa hiyo leo nimewalipa wote, sidaiwi na mtu, na ninalala kwenye mkeka, kwa sababu kitanda nilishagawa. Kesho napanda basi tena, tai shingoni, agaseke kichwani. Na wewe Sospeter, funga mdomo. Ulisema sitafika mbali? Kesho nitakuwa nimefika Nyabugogo mara mbili.