Kasula Yenye Bitana Nyekundu

Jumatatu, 3 Juni

Nimedharauliwa! Miaka kumi na tisa nimetunza sakristia hii. Nimewavalisha maparoko wanne, mmoja wao akiwa hawezi hata kuinua mkono. Leo Paroko mpya ananiambia, tena huku anatabasamu, kwamba baada ya sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia ufunguo wa kabati la mavazi utahamia kwa fundi cherehani wetu, kwa kuwa yeye anajua vitambaa. Fundi huyo ni shemeji yangu, dada wa mke wangu. Kwa hiyo hata nyumbani sina pa kulalamikia.

Askofu anakuja Jumapili kwa sikukuu hiyo, na juu ya kanzu atavaa kasula tutakayomwandalia. Shemeji keshashona ya kwake: nyeupe, nyepesi, ina mfuko wa ndani wa kipaza sauti. Kasula yenye mfuko! Askofu anakwenda altareni au sokoni?

Nina jibu. Chini kabisa ya sanduku iko kasula ya zamani. Hariri nyeupe, nyuzi za dhahabu, bitana nyekundu, mgongo mgumu kama ubao. Siku hizi hakuna anayeitaka, eti nzito, eti inachoma. Askofu akiivaa na kuisifu, Paroko ataona haya kuninyang'anya ufunguo.

Jumanne, 4 Juni

Mambo yanakwenda vizuri. Kasula ya Shemeji nimeiweka kwenye droo ya mavazi meusi ya mazishi. Paroko huyu hajaifungua tangu afike, maana yeye mazishini huvaa zambarau. Sikuificha. Nimeihifadhi.

Kisha nikaitoa ya zamani nione inavyokaa mwilini. Sikuwa na mtu wa kunijaribia, nikaivaa mwenyewe mbele ya kioo. Nikanyoosha mikono. Nikageuka ubavu. Kusema kweli, nilipendeza. Kwa nini nilikuwa bado nimeshika kikombe, sijui.

Doa kifuani. Kubwa. Chai ya maziwa!

Jumatano, 5 Juni

Miaka yote nimewafokea akina mama wa usafi kwamba vazi la nyuzi za dhahabu haliguswi na maji. Lakini hilo huwaambia wasiojua. Mwenye uzoefu ni habari nyingine. Nikailoweka kasula kwenye beseni nyuma ya sakristia, sabuni kidogo tu, nikaenda kupanga mishumaa.

Niliporudi maji yalikuwa mekundu. Bitana imechuja rangi yote! Kasula imekuwa ya waridi, waridi tupu, kuanzia shingoni hadi kwenye pindo. Angalau doa halionekani.

Waridi huvaliwa Dominika mbili tu kwa mwaka, moja ya Majilio na moja ya Kwaresima. Jumapili hii si yoyote kati ya hizo. Nimekaa kwenye ngazi nikalia kidogo. Vazi lile nililipenda kweli.

Ijumaa, 7 Juni

Nimejaribu ndimu. Wapi! Nimejaribu jua. Rangi imezidi kukolea.

Shemeji amepita kuuliza kasula yake iko wapi. Nikasema iko salama. Akauliza salama wapi. Nikamwambia maswali hayo yanaonyesha upungufu wa imani. Akatazama vidole vyangu, vyekundu hadi kwenye kucha, akauliza nimechinja nini. Nyumbani mke wangu amenisusa. Chakula nimejipakulia mwenyewe.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi nimesalimu amri. Nimeitoa kasula ya Shemeji kwenye droo, nikaipiga pasi, nikamkabidhi Paroko kana kwamba ndivyo nilivyopanga. Ilinuka dawa ya nondo. Askofu amepiga chafya mara tatu katikati ya mahubiri, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa mfukoni, karibu kabisa na kifua, zilisikika hadi barabarani. Maendeleo hayo!

Baada ya Misa Askofu akaja sakristia kuvua. Akachungulia dirishani. Kwenye kamba, mbele ya macho yake, ile kasula ya waridi. Nilisahau kuianua!

Akauliza nani ameitia rangi ile, mbona imekolea sawasawa kila mahali. Akasema kanisa kuu halina kasula ya waridi, kila mwaka wanaazima, aibu tupu. Shemeji akanitazama. Nikafungua kinywa niseme ukweli. Naapa nilitaka kuusema. Nikajisikia nikieleza kwamba huo ni ufundi wa kale wa watunza sakristia, haufundishwi ovyo.

Askofu akanishika bega. Paroko, kwa aibu kabisa, akatamka mbele ya wote kwamba ufunguo ubaki kwangu. Shemeji akacheka hadi akashikilia mlango.

Nimeshinda!

Jumatatu, 10 Juni

Leo limeletwa sanduku kutoka kwa Askofu. Ndani yake kasula kongwe kuliko zote za kanisa kuu, nyeupe, malaika wawili wa dhahabu mgongoni. Pamoja na barua: tafadhali, kwa ufundi wako ule ule, iwe ya waridi kabla ya Majilio.

Shemeji amekuja mbio. Hakucheka leo. Ameniomba, kwa heshima kabisa, nimpigie Askofu nimwambie ukweli, bado sijachelewa, na kwamba yeye ufunguo hautaki tena, ili mradi nisiliguse vazi lile. Nikamwambia wivu haufai, hasa kati ya ndugu. Ameondoka bila kuaga.

Nimeikagua vizuri, maana mimi si mtu wa kukurupuka. Hariri safi. Mishono imara. Bitana ni ya bluu, lakini bitana iko ndani, nani ataiona?

Nimejaza beseni.