Madumu Kumi Ndani ya Bonge

Ijumaa, 15 Machi

Naandika Kihispania makusudi. Binamu yangu Rogelio alisoma shule ya Kiingereza tupu, na Kihispania chake kinaishia kwenye kuagiza chakula. Akilikuta daftari hili ataona mikwaruzo tu.

Kesho tunaondoka nyumbani Deming kwenda kwetu. Kwetu yaani jangwani, nje ya Ajo, Arizona, chini ya mti wetu wa miiba. Hakuna bomba, hakuna umeme, hakuna wa kukuuliza unafanya nini hapa. Mimi, Babu Eliseo, Rogelio na Bonge. Bonge ni gari-nyumba la Babu, umri wake mara mbili ya wangu. Bibi Ofelia haji. Anasema alishalala na miiba ya kutosha.

Sheria ya Babu haijabadilika hata siku moja: tunakaa mpaka maji yaishe. Tangi likikauka, tunawasha injini. Mwaka jana lilikauka siku ya tatu! Rogelio anaoga dakika ishirini. Ana nywele nyingi kuliko akili.

Na safari hii ndiyo ya mwisho. Nyonga ya Babu inapasuliwa Aprili, na daktari kasema gari kubwa basi. Bibi ameshapata mnunuzi wa Bonge. Atakuja Jumanne ya tarehe 26, saa nne asubuhi. Walipolisema mezani, watu wazima wote walitikisa vichwa taratibu. Babu alikuwa anakata nyama ileile, vipande vidogo vidogo, bila kula. Nilitaka kusema neno. Nikaomba chumvi.

Kwa hiyo: mpango. Maji ni siku. Nimejaza madumu kumi ya galoni tano tano na kuyaficha kwenye buti ya Bonge, chini ya kitanda changu. Siku tatu za ziada na Babu. Nimepiga hesabu mara mbili. Mgongo umekwisha. Hakuna aliyeniona. Kweli mimi ni hatari!

Jumamosi, 16 Machi. Lordsburg, asubuhi

Saa moja kamili Babu alimzunguka Bonge mara tatu, akigonga kila tairi kwa fimbo yake. Antena iko chini? Iko chini. Ngazi imeingia? Imeingia. Gesi imefungwa? Imefungwa. Anayejibu ni Rogelio. Mimi huitikia moyoni.

Mzunguko wa tatu Babu alisimama nyuma, akainamisha kichwa. Akasema leo Bonge amesimama kama mtu anayeumwa jino. Rogelio akaninyoshea kidole, akasema si jino, Babu, ni Nieves huyu, amekomba tamales zote za mahindi alizopika Bibi. Babu akacheka. Nikacheka na mimi, wenyewe walipokwisha kunyamaza.

Barabarani mambo ni mabaya. Kwenye dashibodi kuna pimamaji ndogo, kichupa chenye kiputo cha kuonyesha kama gari limekaa sawa, aliyoigandisha Babu kabla sijazaliwa. Kiputo kimekimbilia kushoto na hakirudi. Maana yake tumelalia kulia! Kitanda changu kiko kulia. Madumu yote yako kulia. Sikufikiria upande. Nani hufikiria upande?

Siku hiyohiyo. Willcox, gereji

Tulipovuka kuingia Arizona saa ilirudi nyuma. Nimepata saa nzima na Babu bila kufanya lolote. Mpango bora kuliko yote niliyopanga mwenyewe.

Mengine ni msiba. Babu kila kilomita alikuwa anatazama kiputo. Mwishowe akaingiza gari gereji. Fundi, dada mmoja mwenye tochi mdomoni, amelala chini ya Bonge robo saa. Akatoka akasema springi ya kulia imechoka, ufa hajauona, lakini ingekuwa yeye angerudi nyumbani. Akasema, pole pole kabisa, “Mzee wangu, gari hili limekula chumvi.”

Babu alimpapasa Bonge ubavuni kama ng'ombe mgonjwa. Halafu akatuambia, huku akitazama viatu vyake, basi labda tugeuze.

Tugeuze! Nimeiua safari kwa kuiongezea siku.

Hapo ndipo mtu mwenye ulimi angefungua mdomo. Nilitembea mpaka mbele ya Babu. Nikafungua mdomo. Nikamwuliza kama anataka kahawa. Akasema anataka, ya maziwa.

Rogelio akampeleka ng'ambo ya barabara kunywa. Nikabaki na dakika kumi. Nikahamisha madumu matano kwenda buti ya kushoto, chini ya kitanda cha Rogelio. Moja moja, nimelikumbatia kama mtoto mkubwa asiyetaka kubebwa. Kwenye dumu la nne nikageuka. Fundi! Alinitazama mimi, akatazama dumu, akatazama springi. Kisha akaendelea kufuta mikono. Nampenda fundi huyu mpaka kufa.

Babu aliporudi aliinamisha kichwa. Bonge wima kama askari! Akamwuliza fundi kafanya nini. Fundi akasema wakati mwingine gari linataka kupumzishwa tu. Akanikonyeza. Nikajikwaa kwenye ngazi nikipanda.

Siku hiyohiyo, jioni. Kwetu

Tumefika na jua bado liko. Hakuna aliyekaa chini ya mti wetu. Mawe ya moto yako palepale tulipoyaacha.

Babu huingiza vibao chini ya magurudumu ili Bonge akae sawa, na kazi yangu ni kiputo. Namwonyesha kwa vidole kupitia kioo: kushoto, kidogo, kidogo tena, hapo. Hatusemi neno. Ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote ninayofanya mwaka mzima, na leo nilijifanya kiputo hakijatulia ili tuendelee. Rogelio akauliza kwani tunajenga kanisa?

Injini ikazimwa. Babu akaniambia, “Haya, mama. Tumefika kwetu.” Husema hivyo kila mwaka.

Jumapili, 17 Machi

Aibu na hasira. Rogelio amegundua madumu chini ya kitanda chake! Hakuuliza ni ya nani. Amedhani Babu amesikia malalamiko yake ya mwaka jana. Ameosha nywele. Ameosha tena. Kisha ameosha viatu! Madumu yote matano yameingia mchangani, na bado akaenda kumshukuru Babu kwa sauti ya kusikika Mexico.

Babu alisema karibu, mjukuu wangu. Lakini alinitazama mimi. Nikautazama mlima. Nimeutazama mlima kwa dakika arobaini.

Nimebaki na matano. Nitayamimina kwenye tangi alfajiri, kidogo kidogo, wasijue.

Jumatano, 20 Machi

Siku nne nzuri. Babu amenifundisha kukoroga uji wa mahindi juu ya mawe bila kuuunguza. Niliuunguza. Akala wote, akakwangua na sufuria.

Leo mchana bomba limekohoa. Likatema matone matatu, likanyamaza. Nilikuwa nimeshika sahani yenye sabuni. Madumu yangu yamekwisha tangu jana.

Rogelio akasema haya, ndiyo hivyo, tufunge? Alitazama chini aliposema. Nadhani ndipo alipokumbuka viatu.

Babu akainuka. Nyonga ilimgomea, akajishika kwenye friji, akachechemea mpaka kwenye kidude cha ukutani cha kuonyesha maji. Akabonyeza kitufe. Zile taa zimekwama kwenye theluthi mbili tangu niko darasa la pili. Kila mtu anajua. Babu ndiye aliyetuambia. Alizisoma kwa muda, uso umekaza kama daktari.

“Theluthi mbili,” akasema. “Sheria ni sheria. Hatuendi popote.”

Rogelio akafungua bomba. Hewa tupu. Babu akasema hayo ni maji mepesi.

Niliosha ile sahani kwa hewa, pande zote mbili. Nikaifuta. Hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 21 Machi

Mimi ningekufa kiu kabla ya kumwomba mtu maji. Rogelio ametembea mpaka kambi ya wastaafu ng'ambo ya korongo na amerudi na madumu mawili kwenye kigari chao, anahema kama mbwa. Ameapa hataoga mpaka nyumbani. Nilimwambia asante. Kwa sauti! Akasema kumbe unaongea, jini wewe.

Jumapili, 24 Machi. Deming

Tumerudi. Nywele za Rogelio zimekuwa kiota. Bibi amemzuia mlangoni. Babu alikaa ndani ya Bonge peke yake robo saa baada ya kuzima injini. Nilikaa kwenye ngazi. Hakuniita ndani, hakunifukuza.

Jumatatu, 25 Machi

Kesho saa nne mnunuzi anakuja. Shuleni sikusikia somo hata moja. Nilikuwa napanga.

Mpango huu ni wa watu wakubwa. Nimetoka shule, nimejaza madumu kwa mpira wa bustani, nimeyaweka yote upande wa kulia. Safari hii nimefikiria upande! Bonge amelalia kulia vizuri ajabu, anatia huruma. Nani atanunua gari linaloumwa jino?

Nilikuwa nafunga buti Babu alipotokea na fimbo yake. Akamzunguka Bonge mara tatu. Akagonga kila tairi. Akasimama nyuma, akainamisha kichwa, akatazama muda mrefu. Nikafungua mdomo nimwulize kama anataka kahawa. Hakusubiri. Alirudi kwenye banda, akichechemea.

Akatoka anasukuma toroli. Ndani yake, dumu la kumi, limejaa.

“Hili umelisahau, mama,” akasema. Akaongeza kuwa liende nyuma kabisa, ndiko springi ilikochoka zaidi.

Tukalinyanyua pamoja. Niliangalia kiputo kupitia kioo, nikamwonyesha kwa vidole: kidogo, kidogo tena, hapo.

Mpango hauna kasoro. Nimepiga hesabu mara mbili.