Mbung'o Waliotoweka Aprili

Jumatatu, 4 Februari 1957. Voi.

Barua imefika kutoka Nairobi. Wataalamu wa wadudu watakutana huko mwezi wa nne, mara baada ya Pasaka. Mwenye utafiti apeleke muhtasari kwa Kiingereza, usiozidi maneno mia mbili, pamoja na mchoro mmoja wa wino mweusi. Bwana Whitcombe, mkuu wa kituo chetu cha mbung'o, ametuita mimi na Obadiah, sisi wasaidizi wake wawili. Amesema kila mmoja aandike wake. Nafasi ya kwenda ni moja tu, na atakayekwenda atafikiriwa kuwa Msaidizi Mkuu. Msaidizi Mkuu hupewa nyumba yenye madirisha ya vioo.

Mimi nina hesabu ya mbung'o walionaswa kwenye mitego ya Kishushe mwaka mzima uliopita. Obadiah ana kazi ndogo kuhusu vivuli wanamopumzika mbung'o jua likiwa kali. Mdudu aliyepumzika ana habari gani? Naona nafasi ni yangu. Nimeanza kufikiria rangi ya mapazia.

Jumanne, 5 Februari.

Nimeandika muhtasari. Maneno mia nne yamekwisha na mbung'o bado hajatajwa. Nilianzia kwenye uumbaji.

Jioni nikaenda kwa Gertrude, karani wa taipu kwenye shamba la mkonge, ambaye hukubali kupiga taipu kazi za watu baada ya saa za ofisi. Alisoma akiwa amesimama. Alisema huo si muhtasari, ni hotuba ya harusi. Tukaanza kupunguza. Nilitoa matokeo, maana yalikuwa marefu na yana tarakimu nyingi. Shukrani kwa Bwana Whitcombe nikaziacha zote.

Gertrude akasimamisha vidole juu ya mashine. Akaniuliza, "Sasa Bwana Phineas, hao mbung'o walikuwa wengi au wachache?"

Nikamwambia hilo litaonekana kwenye mchoro. Akaendelea kupiga. Si mwanasayansi, simlaumu.

Alhamisi, 7 Februari.

Suala la mchoro. Mstari wangu unapinda kama njia ya Kishushe wakati wa mvua. Obadiah ana mkono mzuri. Aliwahi kufanya kazi kwa wapima ardhi, akachora ramani huko.

Nimepata mpango wenye makali pande zote mbili. Kwanza nilimwambia Obadiah kwamba nimesikia wa Nairobi hawataki tena michoro. Alinishukuru. Alikuwa amechora miti yake na vivuli vyake mpaka nyuzi za majani zinaonekana. Akaikunja karatasi, akasema mkewe ataitandika kwenye rafu ya vyombo. Nilihisi kitu kinanibana kifuani. Mchana nilikuwa nimekula muhogo mwingi.

Kisha nikamwomba anichoree hesabu zangu, eti nataka kuzibandika ukutani ofisini. Alikubali bila kuuliza.

Ijumaa, 8 Februari.

Mchoro umekamilika. Ni mzuri kuliko nilivyostahili, ingawa kusema hivyo ni mbele ya shajara tu. Mstari unapanda na kushuka kwa utulivu, Januari hadi Desemba. Lakini chini ya mstari, kati ya Machi na Mei, Obadiah ameandika jina lake kwa herufi ndogo nadhifu. Anasema kwa wapima ardhi mchoro usio na jina la mchoraji ulihesabiwa kuwa yatima.

Nikamshukuru. Nikarudi nyumbani kutafuta wembe.

Jumamosi, 9 Februari.

Nilikwangua jina. Limetoka. Karatasi nayo imetoka. Wembe uliteleza, ukachukua mwezi mzima wa Aprili.

Nikabandika kipande kingine kwa nyuma kwa gundi. Ikabaki kuchora upya Aprili. Hesabu zenyewe zimo kabatini, na ufunguo wa kabati anao Obadiah. Kumwomba ufunguo ni kuomba maswali. Nikachora kwa kukumbuka. Gundi ilikuwa bado mbichi, kalamu ikavutwa, mstari ukaporomoka mpaka chini kabisa, kwenye sufuri, halafu ukapanda tena kuifikia Mei. Yaani Aprili hakukuwa na mbung'o hata mmoja Kishushe.

Nimeutazama kwa mbali. Unafanana na bonde. Una heshima fulani.

Jumapili, 10 Februari. Bura.

Nimekuja nyumbani kwa ajili ya ibada. Mwisho wa ibada mzee wa kanisa aliuliza kama kuna mwenye neno. Miguu yangu ilisimama yenyewe. Nikawaambia nimeitwa Nairobi kuwafundisha wataalamu. Mama mkwe alilia. Kina mama wakaanzisha wimbo. Nikaombewa safari, afya, na ulinzi dhidi ya wezi wa mjini.

Mke wangu Jedidah alitangulia mbele njia nzima. Tulipofika shambani akainamia kabichi zake.

"Baba Lois," alisema, "umeitwa, au utaitwa?"

Nikamwambia kwa Kiingereza tofauti ni ndogo sana.

"Hapa Bura ni kubwa," alisema, akang'oa majani mabovu, akayatupa karibu na viatu vyangu.

Jumatatu, 11 Februari. Voi.

Siku ya kutuma. Obadiah alisema anakwenda stesheni kuwahi gari moshi la barua, nimpe bahasha yangu. Nikamwambia apumzike, nitazipeleka zote mbili. Nia yangu ilikuwa bahasha yake ilale kwenye koti langu mpaka siku ya mwisho ya kupokelewa ipite. Koti halichunguzwi na mtu.

Nilipofika stesheni nilimkuta Bwana Whitcombe akimngoja mgeni. Aliona bahasha zote mbili mkononi. Alinisifu mbele ya stesheni masta kwa kumsaidia mwenzangu. Kisha akazichukua na kuzitia kwenye sanduku la posta kwa mkono wake mwenyewe. Nilisikia zinavyoanguka, moja baada ya nyingine. Ilinibidi nitabasamu.

Alhamisi, 14 Machi.

Majibu yamekuja. Bwana Whitcombe alituita ofisini, akaanza na ya Obadiah. Kamati imefurahishwa na maandishi mafupi, wazi, yasiyohitaji hata mchoro. Yatasomwa siku ya kwanza.

Kisha yangu. Muhtasari haukueleweka. Lakini mchoro umeishangaza kamati. Hakuna mahali popote wanapopafahamu ambapo mbung'o walitoweka kabisa kwa mwezi mmoja, halafu wakarudi. Wanataka kujua sababu.

Bwana Whitcombe alivua miwani, akaniuliza sababu ni nini. Obadiah alikuwa ameuinamia mchoro, uliorudishwa pamoja na majibu, pale mezani. Aliipitisha ncha ya kidole juu ya Aprili, pale penye gundi. Alinitazama mara moja, akarudi kutazama chini.

Ukweli ulikuwa mlangoni. Ningeufungulia tu. Badala yake nilisikia sauti yangu ikisema ni upepo. Kwamba Aprili hutokea upepo wa baridi Ziwa Chala, ukapita nyanda zote, na mbung'o wa Kishushe hawauvumilii.

Bwana Whitcombe akaenda kwenye ramani ya ukutani. Akaweka kidole Chala, mpakani kabisa na Tanganyika. Akaweka kingine Kishushe. Alihitaji mikono miwili. Mikono ikiwa bado ukutani, akasema jambo kubwa kama hili haliwezi kusomwa mbele ya watu kabla ya kuthibitishwa. Basi mimi nitakaa Kishushe mwezi mzima wa Aprili, kwenye hema, nikipima upepo na kuhesabu mbung'o. Obadiah atakwenda Nairobi.

Tulipotoka nje Obadiah alinishika bega. "Ile Aprili si ya mkono wangu, Phineas."

Nikamwambia najua.

"Ungeniambia, ningekuchorea upya," alisema. Hakurudi ndani kwa Bwana Whitcombe kunishtaki. Nimejaribu tangu hapo kumkasirikia. Ni kazi ngumu.

Jumapili, 21 Aprili. Kishushe. Siku ya Pasaka.

Hakuna upepo. Majani hayatikisiki. Hata moshi wa kuni unapanda wima na kukaa pale juu kama unangoja ruhusa.

Mbung'o wapo. Wapo mitegoni, wapo nje ya mitego, wapo ndani ya hema. Hupenya soksi. Nimevimba jicho la kushoto, na kwa lile la kulia naandika haya. Ng'ombe wa huku hunitazama kwa huruma, kisha hunisogelea, maana wamegundua kwamba nikiwa karibu, mbung'o huwaacha wao.

Kimeu, dereva wa kituo, ameleta maji na unga. Alipita Bura akitoka Voi. Anasema kanisa lilijaa, na wameniombea tena, nilipo Nairobi miongoni mwa wataalamu. Nikauliza Mama Lois alisema nini. Kimeu akasema Mama Lois aliitikia amina kama wengine, isipokuwa yake ilichelewa kidogo. Alinitumia kabichi mbili na kitambaa cha kufunika uso. Ndani ya kitambaa hakukuwa na barua. Nilikitikisa kuhakikisha.

Kimeu alipoondoka nilikaa nimejifunika kile kitambaa. Kina harufu ya nyumbani. Kwa dakika chache nilijiona mpumbavu. Halafu mbung'o mmoja akaingia chini ya kitambaa, nikapata mambo mengine ya kufikiria.

Jumatatu, 29 Aprili. Voi.

Nimerudi. Nimempa Bwana Whitcombe ripoti. Aliisoma, akaniuliza upepo uko wapi. Nikasema mwaka huu umechelewa. Aliandika maneno machache pembeni, akafunga faili kabla sijafikisha shingo kuyasoma.

Obadiah naye amerudi. Alisoma vizuri. Wazungu wawili na daktari mmoja kutoka Makerere walimfuata nje kumuuliza maswali. Leo ametangazwa Msaidizi Mkuu. Nimemsaidia kuhamisha vitanda. Mkewe alikuwa akipangusa vioo vya madirisha kwa gazeti, nikaiona Voi nzima ikipita ndani ya vioo nyuma yake.

Tulipokwisha kazi tulikunywa chai barazani. Obadiah akasema kazi yangu ya Kishushe ni nzuri. Kwamba sasa tuna hesabu za Aprili mbili mfululizo, na kwamba wingi wa mbung'o mwezi huo ndio habari yenyewe, jambo ambalo wafugaji wa kule wangefaidika kulijua kabla ya kuhamisha mifugo. Akapendekeza tuandike pamoja, jina langu litangulie. Mimi nisimulie kwa Kiswahili jinsi ilivyokuwa, yeye atachora, Gertrude atapiga taipu.

Nikamwambia nitafikiri. Aliitikia kwa kichwa, akaniongezea chai.

Jumatano, 1 Mei.

Nimefikiri. Kuandika ukweli tukiwa wawili kutachukua mwaka mzima, na jina lingine lingekuwapo pale pale chini ya langu. Nimemkatalia kwa upole. Nilisema macho yangu hayajapona.

Na asubuhi hii imefika barua nyingine. Wataalamu wa ndege watakutana Kampala mwezi wa tisa. Nimeichukua mezani kabla Obadiah hajaingia, nikamwambia ilikuwa tangazo la mnada wa viti.

Nimekaa mchana kutwa nikiandika. Muhtasari wangu unahusu ndege mwekundu wa Mlima Sagalla, aimbaye saa ya jua kutua tu, na ambaye hajawahi kutajwa na mtaalamu yeyote. Shukrani zimekamilika. Hitimisho limekamilika, nalo ni zito. Maneno ni mia moja na tisini na nane, kwa hiyo safari hii hakuna wa kunipunguzia.

Kesho nitaomba ruhusa nipande Sagalla. Kilichobaki ni kumpata ndege.