Siku Tatu za Pasifiki, Bila Kutoka Toronto

Jumatano, 14 Mei 2025
Jumapili kikundi cha matembezi cha kituo chetu cha Kiislamu hapa Thornhill, kando ya Toronto, kinachagua kiongozi. Tunagombea wawili: mimi na Mohamedraza. Mwaka jana alitembea siku tatu kwenye fukwe za mwitu za Pasifiki, magharibi kabisa mwa Kanada, na hajaacha kuzisimulia. Mimi sijatembea popote. Dawa imepatikana. Nimetangaza kwenye WhatsApp kwamba kesho naruka kwenda huko huko. Dua zimemiminika. Sughra, mke wangu, ameuliza kama nimekata tiketi. Nimesema mambo yamepangwa.

Alhamisi, 15 Mei
Nimejificha kwa binamu Zameer, mtaa wa Flemingdon Park mjini Toronto. Maficho mazuri: watu wa Thornhill wana magari, hawapandi basi. Nimepanda mabasi mawili hadi ufukwe wa ziwa. Nimeburuta magogo mawili hadi ukingoni mwa maji, pichani yaonekane yametupwa na bahari. Kiuno! Bata bukini wamenifukuza. Kwenye WhatsApp nimeandika dubu. Pongezi thelathini na moja.

Ijumaa, 16 Mei
Picha bora kuliko zote: mkeka, viatu vilivyolowa, anga jekundu. Nimeituma papo hapo, saa tatu kasoro dakika tano usiku, jua la Mei la hapa likiwa ndiyo kwanza limezama. Nimeandika: Magharibi imeingia, naswali ufukweni, mniombee. Sioni wa kunishinda.

Jumapili, 18 Mei
Mohamedraza alisimama na simu, picha yangu ikiwa wazi. Akawaeleza wanachama, kwa upole, kwamba pwani ile iko nyuma yetu kwa saa tatu, na picha ilipotumwa jua la huko lilikuwa bado juu.

"Bwana Mohamedtaki, hiyo Magharibi uliiswali jua likikutazama?"

Nikasema kulikuwa na mawingu. Bi Sakeena, katibu, akataka kujua kama sala hiyo nimeshailipa. Wakacheka wote, hata waliokuwa wamesinzia. Kura: yeye ishirini na tisa, mimi moja. Hiyo moja ni yangu. Sughra alikuwa safu ya mbele.

Jumatatu, 19 Mei
Sughra aliweka chai mezani, akakaa.

"Baba Zaheer, si ungekwenda kweli tu? Nauli ilikuwepo, na miguu unayo."

Nikamweleza kwa subira kwamba kwenda kweli ni kwa watu wasiojua kupanga. Kosa lilikuwa moja, la saa. Mwakani natangaza New Zealand. Nimehakikisha: huko wako mbele yetu kwa saa kumi na sita. Safari hii hakuna atakayesema nimeswali mapema. Watasema nimechelewa tu.